Tuma Tena

Kuna watu wakitoka kazini hulala, wengine hupika, wengine hutafuta wa kugombana naye. Mama Picha akitoka kazini aliendesha lori.

Jina hilo alibandikwa na wagonjwa. Alikuwa mpiga picha za eksirei katika hospitali kubwa, na kutwa nzima kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wasimame wima, wavute pumzi, waishikilie, wasitikisike, haya, pumua. Wapo waliomuuliza kama watabasamu. Aliwajibu kwamba mapafu hayana meno. Ikifika jioni alikuwa ameshawaona watu kwa ndani hadi hana hamu ya kumwona yeyote kwa nje, na hapo ndipo alipoketi kwenye kona ya sebule, mbele ya kompyuta, akawasha lori lake la rangi ya chungwa, akapakia mbao au saruji, akashika barabara ya milimani isiyokuwa kwenye ramani ya nchi yoyote. Katika mchezo ule hapakuwa na bunduki wala adui. Ni wewe, gia na kona. Mumewe, fundi majokofu, mtu wa maneno machache, aliwaambia wageni kwamba lile lori ni mume mwenzake na kwamba ameshakubali yaishe.

Jioni moja alikuwa amebeba vioo vya madirisha, anateremka mlima kwa adabu zote, mara lori likaganda katikati ya kona. Maandishi meupe yakatokea kwenye skrini: "Akaunti hii inatumika kwenye kompyuta nyingine. Utatolewa sasa."

Mama Picha akaegemea kiti. "Breki amenitoa tena."

"Shemeji yangu huyo ana mkono mwepesi," mumewe alisema, huku akiendelea kufungua mota ya jokofu la mtu juu ya gazeti. "Lakini lori si lenu wote?"

Breki alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mwendesha forklifti katika ghala la mji wa mbali, safari ya kutwa na zaidi kwa basi. Tangu mazishi ya mama yao, dada hawa wawili walikuwa hawajasemezana hata neno moja. Hawakupigiana simu, hawakutumiana salamu, na jamaa waliojaribu kuwapatanisha walirudi mikono mitupu. Lakini karibu kila jioni, bila kukosa, walitoana kwenye lori.

Ili uelewe kituko hiki, itabidi turudi kwenye duka la fotokopi.

Mama yao alikuwa na duka la kutoa kopi na kuchapa barua, jirani na ofisi za serikali, mahali ambapo binadamu hahudumiwi mpaka awe na nakala ya kitu fulani. Alitoa kopi za vyeti, za hati, za vitambulisho, za mitihani, hata za barua za mapenzi ambazo wenyewe walidai ni za rafiki zao. Mashine yake haikupoa kutwa nzima, na wanawe wawili walikua wakinusa wino wa unga kama watoto wengine wanavyokua wakinusa mkate. Kompyuta zilikuwa mbili. Ya mbele ilikuwa ya kazi, kibodi yake imefutika herufi zote zenye umuhimu. Ya pili ilikaa stoo, juu ya maboksi ya karatasi, na iliwaka siku ilipojisikia. Kati ya duka na stoo palikuwa na kidirisha cha kupitishia karatasi.

Mchezo wa malori uliletwa na mjomba wao, dereva wa lori la kweli, ambaye aliiona picha kwenye kasha akadhani ni masomo ya udereva. Aliwakabidhi wapwa zake ile diski kwa mikono miwili, akawausia wasome kwa bidii. Nao walisoma, tena kwa bidii ambayo vitabu vya shule havikupata kuiona.

Sasa, diski ilikuwa moja, na mchezo ulikuwa na mlinzi wake. Ukiuwasha bila diski ndani ya kompyuta, unaambiwa "Weka diski," basi, hata ulie machozi ya damu. Watoto walimwendea mama yao. Wewe si unatoa kopi za dunia nzima, walimwambia, tutolee na hii. Mama aliichukua diski, akaipindua, akailaza juu ya kioo cha mashine, akashusha kifuniko, akabonyeza. Ikatoka karatasi yenye duara jeusi lenye tundu katikati. "Haya, kopi yenu," alisema, uso mkavu, na mteja aliyekuwa kwenye foleni alicheka mpaka akasahau alichofuata pale.

Dawa waliigundua wenyewe. Yule mlinzi aliuliza mara moja tu. Mchezo ukishawaka na injini ya lori ikashanguruma, ungeweza kuitoa diski na usiulizwe tena mpaka kesho. Basi ikawa hivi: dada mkubwa anawasha kompyuta ya mbele baada ya wateja kwisha, anasubiri ngurumo, anatoa diski ikiwa bado na joto, anaipitisha kidirishani. Mdogo anaipokea kule stoo. "Shika ukingoni, usiguse tumbo lake," mkubwa alimwonya, na mdogo alijibu kila siku kwamba yeye si mtoto. Waya mmoja ulipita kwenye kidirisha hicho hicho kuziunganisha kompyuta, na hapo malori mawili yakaingia barabara moja, la chungwa mbele, la kijani nyuma, huku mama akifunga hesabu zake na kuwauliza wamefika wapi. Alikuwa akiuliza kweli. Alipenda kujua mzigo ni wa nini na unakwenda kwa nani, na wasipokuwa na jibu aliwatungia: hizo mbao ni za kujengea shule, hayo maziwa ni ya hospitali, msicheleweshe wagonjwa.

Mdogo hakuamini kwamba breki zina kazi yoyote. Kila lori lake lilipoelekea mtoni alipiga kelele, "Breki, breki," kana kwamba kuna mtu mwingine mwenye jukumu la kuzikanyaga, na wateja waliokuwa wakisubiri barua zao walimsikia. Jina likamkaa. Mpaka leo kule ghalani wanamwita Breki, na bosi wake anadhani ni sifa.

Mimi sisemi kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Ile kompyuta ya stoo iliwahi kumpiga Breki shoti akakaa chini. Lakini mlinzi wa siku zile alikuwa kama walinzi tuliowazoea: anakuuliza mlangoni, unamwonyesha, anakupisha wewe na ndugu yako, kisha anarudi kwenye kiti chake. Mlinzi wa siku hizi anakufuata mpaka chumbani, anakukodolea macho unavyokula, na asipokuona kwa dakika moja anakutoa nje ya nyumba uliyoinunua.

Wakakua. Mmoja akaingia chuo cha eksirei, mwingine akapanda forklifti, na malori yakasahaulika. Hadi mwaka ule ambao Breki aligundua kwamba mchezo wao umerudi, umetengenezwa upya, milima ile ile, mito ile ile, lori la chungwa lile lile. Safari hii hapakuwa na kasha wala diski. Unanunua kwenye mtandao, unapewa akaunti na neno la siri, na hata safari zako zinahifadhiwa huko huko mtandaoni. Breki alinunua siku hiyo hiyo, akampigia dada yake.

"Dada, nakutumia neno la siri. Diski yetu ndiyo hii."

Hakuna kati yao aliyefikiria kununua mbili. Wangefikiriaje? Hawakuwahi kuishi katika dunia yenye diski mbili. Kwao mchezo ulikuwa kitu kimoja kinachopitishwa kidirishani, na kidirisha sasa kilikuwa simu.

Jioni ya kwanza waliingia wote pamoja, kila mmoja kwake, wakitegemea la chungwa mbele, la kijani nyuma. Mmoja akatolewa. Akaingia tena, akatolewa mwenziwe. Walirudia mpaka wakaelewa kwamba akaunti moja ni kompyuta moja kwa wakati mmoja, na kwamba lori nalo ni moja, linakaa pale aliyetangulia alipoliacha. Walicheka sana kwenye simu siku hiyo. Baadaye wakazoea kupokezana. "Nimekuachia kwenye mzani wa magari," Breki angesema akitoka zamu. "Tangi limejaa. Mzigo ni mabati." Na mama yao, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshafunga duka na anaishi kwa binti mkubwa, angeuliza kutoka kwenye kochi mabati hayo yanaezeka nini.

Na mtandao ukikatika, hakuna safari. Hilo ndilo lililomtia Mama Picha hasira kuliko yote. Yuko peke yake kwenye barabara isiyo na mtu, hachezi na yeyote, hashindani na yeyote, lakini mvua ikinyesha na mtandao ukiyumba, lori linazimika katikati ya daraja.

"Lori gani linaogopa mvua?" mumewe aliuliza.

"Haliogopi mvua. Linaogopa mimi ni mwizi."

"Si mmelinunua?"

"Tumelinunua."

Fundi majokofu alitikisa kichwa. Katika kazi yake, mtu akishachukua jokofu lake ni lake, na hakuna fundi anayekwenda kila asubuhi kuhakikisha kwamba maziwa yaliyomo ni halali.

Kisha mama akafariki. Ulikuwa msimu wa mvua kubwa, daraja la kwenye barabara kuu likakatika, na Breki akakwama upande wa pili pamoja na mabasi mengine yote. Alipofika, mama alikuwa ameshazikwa. Mama Picha aliyajua yote ya daraja. Alikuwa ameyasikia kwenye redio. Lakini siku hizo alikuwa amechoka kiasi cha kutotambua mikono yake mwenyewe, amemuuguza mama peke yake, amemwosha, amemlilia, na mdogo wake alipoingia na begi lake begani, viatu vina matope, neno lilimtoka mbele ya jamaa wote waliokaa pale.

"Karibu, mgeni," alimwambia. "Wenyeji tumeshamaliza kuzika."

Breki alilishusha begi lake pale pale mlangoni. Alikaa na wageni siku mbili, akaondoka na basi la kwanza, na tangu siku hiyo simu zikanyamaza.

Neno likishatoka halirudi, na hilo Mama Picha alilijua kabla hata halijapoa. Lakini yeye ni mkubwa, na mkubwa anasubiri mdogo aje. Breki naye ndiye aliyetukanwa, na aliyetukanwa anasubiri mwenye kutukana. Kwa hiyo walisubiri wote wawili, na kusubiri nako kuna utamu wake mbaya, mtu anaweza kuzeeka humo.

Ila hakuna aliyebadilisha neno la siri.

Mwanzoni walitoana kwa chuki. Mama Picha alikuta lori limetupwa mtaroni, tangi tupu, taa zinawaka. Naye akaliacha limepinda kwenye reli ya treni. Ilikuwa vita ya kitoto, na aliyekuwa akiumia ni lori. Lakini chuki inahitaji nguvu, na watu wanaotoka kazini jioni hawana nguvu hizo. Siku moja alikuta tangi limejaa. Jioni iliyofuata akaliosha lori kwenye kituo cha kuoshea, akaliegesha likitazama barabarani ili mwenzake asihangaike kurudi nyuma, maana Breki na forklifti yake ya kweli alikuwa hodari wa kurudi nyuma, ila kwenye mchezo hajawahi kujifunza. Tangu hapo ikawa hivyo. Hakuna salamu, lakini kuna mafuta. Ikitokea jioni lori limesogea, Mama Picha alijua mdogo wake ni mzima. Lisiposogea siku mbili tatu, alikosa raha, akawa mkali kwa wagonjwa.

Hata kutolewa kukaja kumpendeza, ingawa asingekiri mbele ya mtu. Maandishi yale meupe yalimaanisha kwamba kule mbali, katika chumba ambacho hajawahi kukiona, Breki ameketi sasa hivi, amevua viatu vya kazi, mkono uko kwenye kibodi.

Halafu Jumamosi moja mchana, siku yake ya mapumziko, akawasha kompyuta na mlango ukawa umefungwa.

"Kwa usalama wako umetolewa kwenye vifaa vyote," skrini ilisema. "Kila unapoingia, tutatuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya mwenye akaunti. Namba itakwisha muda baada ya muda mfupi." Chini yake palikuwa na kisanduku kitupu cha kuandikia namba, na kitufe: "Tuma tena."

Mwenye akaunti ni Breki. Simu ni ya Breki.

Mama Picha alikwenda kwenye ukurasa wa msaada wa kampuni, akakutana na roboti. Roboti lenyewe liliandika Kiswahili kilichovaa tai.

"Mteja mpendwa, tunaelewa usumbufu wako."

"Huelewi," aliandika. "Nataka kuingia kwenye lori langu."

"Tafadhali ingiza namba iliyotumwa kwenye simu ya mwenye akaunti."

"Simu si yangu. Ni ya mdogo wangu."

"Tafadhali wasiliana na mwenye akaunti. Je, jibu hili limekusaidia?"

Aliliambia roboti mambo ambayo mpiga picha za eksirei hapaswi kumwambia mtu. Aliliambia kwamba nyinyi ni watu msioaminiana hata na wake zenu, kwamba diski yetu iliuliza mara moja na ikaridhika, kwamba mama yangu alikuwa na mashine ya kopi na hakuwahi kumwibia mtu hata karatasi. Roboti likamshukuru kwa maoni yake, likamwomba awape nyota.

Akarudi kwenye mlango. Akabonyeza "Tuma tena." Hakujua anatarajia nini. Alibonyeza kama mtu anavyobonyeza tena kitufe cha lifti ambayo haiji. Jioni iliyofuata akabonyeza, na iliyofuata pia. Ikawa ndiyo desturi yake mpya: anavua viatu, anakaa, anabonyeza, anakitazama kile kisanduku kitupu, anazima. Hakuwa na njia ya kujua kama lori limesogea, na hilo ndilo lililokuwa likimla.

"Hiyo namba unayoomba kila siku," mumewe alisema jioni moja, bisibisi mkononi, "inakwenda wapi?"

"Kwa Breki."

"Kila ukibonyeza?"

"Kila nikibo..."

Lilikuwa jambo dogo lililokuwa wazi tangu mwanzo, na yeye, anayewaona watu mpaka mifupa, hakuwa ameliona. Hasira zake zote zilikuwa kwa kampuni. Kumbe kila alipobonyeza, simu ililia katika kile chumba asichokijua. Jioni zote hizo amekuwa akimpigia mdogo wake hodi, na Breki amesikia zote, na hakufungua.

Alihisi aibu, kisha hasira. Basi akabonyeza kwa makusudi, mara moja tu, akasubiri na simu mapajani. Simu haikulia. Mumewe akaacha kufungua alichokuwa akifungua.

"Si umpigie," alisema.

"Anaona kwamba ni mimi. Angetaka angenitumia."

"Mmh," alisema fundi majokofu, na kwa mtu wa maneno machache hayo yalikuwa matusi.

Aliacha kubonyeza. Kompyuta ikafunikwa kitambaa. Jioni akawa anapika vyakula vinavyochukua muda mrefu, na mumewe akanenepa, na hakuna aliyefurahi.

Yaliyotokea baadaye yalitokea kazini, asubuhi, foleni ikiwa imefika mpaka kwenye ngazi. Aliingia mzee mmoja mwenye kikohozi, mtu mtiifu, aliyevua shati akalikunja vizuri kana kwamba anakwenda kulala. Mama Picha alimsimamisha kwenye ubao, kidevu juu, mabega mbele, akaingia kwenye chumba chake kidogo nyuma ya kioo.

"Vuta pumzi. Shikilia. Usitikisike."

Akapiga picha. Ikatokea kwenye skrini, mbavu zimepangana, nafasi nyeusi za mapafu. Na hapo mawazo yakamponyoka. Alimkumbuka mama yake alivyosimama pale pale alipoanza kuugua, kwenye ubao ule ule, akiuliza, kama alivyouliza ya malori, mgonjwa aliyemtangulia alikuwa amebeba mzigo gani. Akawaza mama angesema nini juu ya wanawe wawili na simu zao. Hakujua amewaza kwa muda gani. Alichosikia ni kugongwa kwa ubao.

Mzee alikuwa amesimama vile vile, kidevu juu, macho yamemtoka, uso umeanza kubadilika rangi. Aligonga tena kwa kidole kimoja, kwa heshima.

"Pumua," Mama Picha alisema. "Pumua, baba, pumua, nisamehe."

Mzee aliachia pumzi, akakohoa, akashika magoti. Alipoweza kusema, alisema tu, "Nilikuwa nangoja uniruhusu, mama."

Alimpa maji, akamkalisha, akamvalisha shati mwenyewe mpaka kifungo cha mwisho. Kisha akamsindikiza mlangoni, akawaambia wa nje wasubiri kidogo, akaingia nyuma ya kioo, akafunga mlango, akatoa simu mfukoni. Alitafuta jina ambalo hakuwa ameligusa tangu mazishi, akapiga.

Haikumaliza hata mlio wa kwanza.

"Tano," sauti ya Breki ilisema. Hakuna hujambo wala shikamoo. Nyuma yake kulisikika mlio wa forklifti inayorudi nyuma. "Moja. Nane. Nane..."

"Subiri."

"Andika haraka, dada, inakwisha muda. Hapana, hii ni ya zamani. Omba nyingine nikusomee."

"Sina kompyuta hapa. Niko kazini."

"Sasa namba ya nini?"

"Sikupiga kwa ajili ya namba," Mama Picha alisema.

Ule mlio wa forklifti ukazimwa. Walisikilizana wakipumua, mmoja nyuma ya kioo, mwingine katikati ya maboksi ya watu.

"Shikamoo," Breki alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mdogo wangu."

"Mimi ndiye niliyeiweka," Breki alisema.

"Umeweka nini?"

"Hiyo namba. Kampuni haikufanya kitu. Iko kwenye mipangilio, unaiwasha mwenyewe, inawatoa watu wote. Niliwasha mimi."

Mama Picha alikumbuka kila alichoandika kwa lile roboti. "Nimewatukana watu wa watu," alisema.

"Watukane tu, wana makosa mengine," Breki alisema. "Nilichoka, dada. Unanijazia mafuta, unaniegeshea lori vizuri, lakini hunipigii. Nikasema nikimfungia mlango atapiga. Hana njia nyingine. Siku ile ile ya Jumamosi simu ikalia, nikairukia. Kumbe ni namba. Kesho yake tena, namba. Kila jioni nakaa nayo mkononi. Nasema, akishaona haingii, sasa hivi atapiga. Naitazama ile namba mpaka muda wake unakwisha. Halafu hata namba zikaacha kuja."

Mama Picha aliegemea ukuta. Aliziona zile jioni zote, moja baada ya nyingine, kutoka upande wa pili. Yeye akidhani anabisha hodi kwenye mlango uliofungwa, na Breki amesimama nyuma ya mlango huo huo, mkono kwenye komeo.

"Kwa nini hukupiga wewe?" aliuliza.

"Kwa sababu uliniita mgeni," Breki alisema. "Mgeni hapigi simu usiku na mchana kwa watu. Mgeni anangoja kuitwa."

Nje mtu alikohoa kwenye foleni. Nesi akagonga mlango, akaambiwa bado.

"Nilijua daraja limekatika," Mama Picha alisema. "Nilisikia kwenye redio. Nilijua, na nikasema vile vile. Nisamehe, Breki. Yule alikuwa mama yako kama alivyokuwa mama yangu, na nyumba ile ni yako. Nisamehe."

Breki alilia. Alilia kama alivyokuwa akilia utotoni, bila aibu, kwa kwikwi, na kwa mbali sauti ya mwanamume ilimuuliza kama ameumia, naye akamjibu hapana, ni dada yangu. Mama Picha alilia pia, lakini kimya, amekunja uso, maana kioo cha chumba chake kilikuwa kinaonekana kutoka mlangoni.

"Likizo yako lini?" aliuliza baadaye.

"Mwisho wa mwezi ujao."

"Njoo."

"Nitakuja." Breki alipenga kamasi. "Haya, nirudi kazini, wamesimama wote wananitazama. Jioni nitaiondoa ile namba, uwe unaingia bila shida."

Mama Picha aliitazama picha ya yule mzee, ambayo bado ilikuwa kwenye skrini, mapafu yamejaa pumzi ambayo hakuambiwa aiachie. Akafikiria jioni ya leo, kompyuta iliyofunikwa kitambaa, kile kisanduku kitupu kinachodai namba.

"Usiiondoe," alisema.

"Kwa nini? Utasumbuka kila siku."

"Iache hivyo hivyo. Nikitaka kuingia, nitakupigia, unisomee."

Akakata simu, akajifuta uso kwa koti la kazi, akafungua mlango na kumwita mgonjwa aliyefuata.